Nimshukuruje mama aliyetusomesha kwa vitumbua?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mtumishi wa halmashauri moja mkoani Dodoma, nina miaka 36. Baba yetu alifariki nikiwa darasa la tano. Mama alibaki nasi watatu huko Tanga, akatulea kwa kuuza vitumbua: kilo mbili za mchele kila siku, kitumbua shilingi 50. Dada yetu mkubwa aliishia darasa la saba, mimi na mdogo wangu wa kiume tukaendelea. Kidato cha kwanza nilianza mwaka 2003 shule ya kutwa, kidato cha tano nikaenda bweni, chuo nikasoma kwa mkopo wa Bodi. Mwaka jana tulipata mtoto wetu wa kwanza. Tangu hapo kila nikinunua maziwa au kulipa kliniki najiuliza mama aliwezaje. Sikuwahi kumshukuru hata mara moja. Nikijaribu sasa ananikatiza: "Niondolee hayo, mimi nilifanya wajibu wangu." Nilimpelekea friji kubwa, hajaiwasha. Nilimwomba ahamie kwangu, amekataa. Nimemkataza kupika vitumbua, bado anapika kilo moja kila asubuhi, na ana miaka 63. Tena alikuwa mkali, kuna viboko ambavyo mpaka leo vinaniuma. Mwezi ujao nakwenda kwake kwa siku nne. Nifanye nini ili ajue kwamba nimeona?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mtoto.

Nianze na friji. Nadhani mama yako anaishi peke yake. Ananunua samaki wa leo, anampika leo, na umeme wa LUKU anaulipa mwenyewe. Friji kubwa imemletea gharama ya kila siku ambayo hakuiomba. Halafu imefika bila neno: hakuna aliyemwambia imeletwa kwa ajili ya jambo gani. Anaitunza kama mali yako aliyowekeshwa. Na "asante kwa yote" nayo ina kasoro ya namna hiyo. Hiyo "yote" ni ipi? Hajui wewe umeona nini, kwa hiyo hana cha kupokea.

Shukrani inayomfika mzazi hutaja kitu hasa alichokifanya, kisha humwondolea kazi fulani mikononi. Kazi yako ya siku nne ni hiyo, lakini matayarisho yake yaanze sasa.

Kwa nini anakukatiza

Wazazi wengi wa rika lake hawakuzoea kushukuriwa na watoto kwa maneno. Mtoto alimwamkia mzazi, alitumwa akaenda, na akikua alimtazama mzazi wake. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani, na mzazi naye alijibu kwa radhi. Mtu mzima anapokaa kitini na kusema "mama, nataka kukushukuru", mama anaweza kusikia mtu anayetaka kumaliza hesabu ili aende zake. Deni likishalipwa, wenye kudaiana hawana tena sababu ya kutembeleana. Anapolikataa neno lako, huenda anakataa kufungiwa daftari.

Kuna na fedheha. Katika miaka ile yamo mambo usiyoyajua: mchele uliokopwa dukani, mkufu uliouzwa, safari ya kwenda kwa ndugu wa marehemu baba yako na kurudi mikono mitupu. Ukimwambia "najua ulivyoteseka", unamrudisha mahali asipotaka kurudi, tena mbele ya mwanawe. Neno "mateso" liondoe kabisa katika mazungumzo yenu. Sema kazi, sema akili, sema mpango. Mjane aliyeendesha biashara na kusomesha watoto alikuwa meneja hodari, na ndivyo angependa kukumbukwa.

Halafu alikuficha kwa makusudi. "Kuleni, mimi nimeshakula." "Ada ipo, we nenda shule." Mzazi wa aina hii huhesabu kuficha kuwa sehemu ya malezi: mtoto asiingie darasani na hofu ya nyumbani kichwani. Kwa hiyo acha kujilaumu kwamba hukuona. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, na mambo yalipangwa usiyaone. Wengi hufumbuka macho hapo ulipo wewe sasa, kwenye mtoto wa kwanza, kwa sababu ndipo mtu anaposhika bei mkononi kwa mara ya kwanza.

Piga hesabu kwanza, peke yako

Umenipa namba nzuri, tuzitumie. Tuseme kilo moja ya mchele, kwa chuma cha kawaida cha kukaangia, inatoa vitumbua kama 40. Kilo mbili ni 80, mara shilingi 50 ni mauzo ya 4,000 kwa siku, vikiisha vyote. Humo unatoka mchele wa kesho, sukari, nazi, hamira, iliki, mafuta na mkaa. Tuseme inabaki robo, shilingi 1,000. Bei halisi atakupa yeye, hizi ni za kukufungua macho tu.

Kwa miaka mingi kabla ada haijafutwa Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, ada ya sekondari ya serikali ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka, na ya bweni 70,000. Shilingi 20,000 kwa faida ya 1,000 ni siku 20 za kazi bila kutoa hata senti ya mboga. Ni vitumbua 1,600 vilivyogeuzwa kimoja kimoja. Ada ya bweni ni siku 70, vitumbua 5,600. Na ada ndiyo ilikuwa ndogo kuliko vyote. Ongeza mchango wa dawati na wa mlinzi, ada ya mtihani, sare, viatu, madaftari. Kwa bweni ongeza tranka, godoro, ndoo, jembe, fyekeo, shuka mbili na nauli ya kwenda na kurudi kila muhula. Mkopo wa Bodi ulikusaidia chuoni, lakini mkopo hautoki siku ya kuripoti. Nani alikupa nauli na pesa ya kula ya wiki za kwanza?

Sasa saa. Mchele unalowekwa, unasagwa au unatwangwa, nazi inakunwa juu ya mbuzi, tui linakamuliwa, uji unachanganywa na kuachwa uumuke. Chuma cha vishimo saba kwa vitumbua 80 kinajazwa mara 12. Kila mjazo ukichukua dakika sita, ni saa moja na dakika 12 juu ya moto, mbali na kuwasha mkaa na kusubiri ushike. Ili vitumbua viwe mlangoni saa kumi na mbili asubuhi watu wakielekea kazini, mtu huamka saa kumi alfajiri au mapema zaidi. Mvua ikinyesha wateja hawatoki, na uji ulioumuka haungoji kesho, unachacha. Siku hiyo mtaji umemwagika.

Hesabu hii usimsomee. Ukiisoma mbele yake itageuka ankara, naye atacheka au atakasirika. Ni ya kukusaidia wewe ujue cha kutaja.

Kisha tafuta wanaojua. Mama hatakueleza alivyopata lile godoro, lakini mama mdogo anajua, jirani wa enzi zile anajua, na wanawake aliokuwa akicheza nao upatu wanajua zaidi ya wote. Upatu ndio uliolipa shule katika nyumba nyingi kama yenu: wanawake kumi wanatoa kiasi kilekile kila siku au kila wiki, na kila mmoja anapokea fungu zima kwa zamu. Mara nyingi mama huomba zamu yake iangukie Januari, shule zinapofunguliwa. Muulize mama mdogo: "Mama alipokea zamu ya mwezi gani?" Swali hilo moja litakupa mengi. Usiwaulize majirani juu ya madeni wala wanaume waliotaka kumposa. Wakijisemea wenyewe, sikiliza na uishie hapo.

Kumuuliza yeye mwenyewe

Usimkalishe. Mtu aliyezoea kazi huongea mikono ikiwa na kitu. Amka naye saa kumi, mkunie nazi, mletee mkaa. Utakuwa mzito na utamchelewesha, lakini ataongea. Uliza juu ya kazi, maana juu ya kazi yeye ni fundi: zamani hamira ulikuwa ukiinunua wapi? Mchele gani ulikuwa unaumuka vizuri? Siku ya mvua ulikuwa unafanyaje na uji? Wateja wa kukopa ulikuwa unawadaije? Katika kujibu, mambo ya shule yatatokea yenyewe, "si ndiyo mwaka ule ulipokwenda bweni…" Hapo nyamaza umwache amalize.

Ukitaka kurekodi sauti kwa simu, mwombe ruhusa waziwazi, na umwambie ni kwa ajili ya mjukuu. Ukimrekodi kwa siri na akajua, umeharibu.

Maneno yenyewe

Yawe mafupi, nusu dakika inatosha. Taja tukio moja, kilichohitajika ili litokee, na lilichokuzalia. Mfano, ukibadilisha kwa yale utakayokuwa umeyajua:

"Mama, nilipokwenda bweni tranka lilikuwa jipya, godoro jipya, ndoo mpya. Sikuwahi kujiuliza vimetoka wapi. Juzi nimeambiwa uliomba zamu yako ya upatu isogezwe. Ningeripoti bila vile vitu ningerudishwa getini, na kazi hii leo nisingekuwa nayo. Ahsante, mama."

Basi. Usiongeze "hakuna mama kama wewe duniani", usilie kwa nguvu mpaka aanze kukubembeleza, usiulize kama amefurahi. Ukilia sana unageuza mambo: yeye ndiye anaanza tena kukuhudumia. Akisema "haya, kunywa chai itapoa", amepokea. Wengi hupokea hivyo. Wengine watakurudia baada ya wiki mbili kwa simu na habari ya ziada: "Unajua lile tranka nilinunua kwa nani?" Ukiona hivyo, jua neno lilifika.

Ukiwa na mambo kumi usiyamwage siku moja. Taja moja, labda mawili kwa siku zote nne. Na usitoe pesa saa hiyohiyo. Neno likifuatwa na noti, kitakachokumbukwa ni noti. Bahasha ipe siku nyingine.

Waume na wake husaidiana hapa, lakini maneno haya yaseme ukiwa peke yako naye. Kumshangaza kwa sherehe, keki na wageni, mshereheshaji akisoma historia ya ufukara wake kwenye kipaza sauti, kumewaaibisha wazazi wengi waliokuja wamevaa vizuri. Vilevile usianze kwa kuweka picha yake kwenye status ya WhatsApp na maandishi marefu. Atayasikia kwa jirani kabla ya kuyasikia kwako, na shukrani yako itakuwa imewaendea watu wengine.

Kama unataka zawadi ya kusindikiza neno, kwa mtu wa Tanga doti ya khanga haikosei, mradi usome jina lake kabla ya kununua. Maandishi ya khanga husomwa kama ujumbe wa aliyetoa, na muuzaji aliye na haraka anaweza kukupa yenye kijembe. "Nani kama mama" haina hatari, ila ni ya jumla, kwa hiyo bado inahitaji yale maneno yako ya tranka na godoro.

Viboko

Kumshukuru hakukulazimishi kusema havikuuma. Viliuma, na havikuwa haki kwa mtoto. Mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu, anayedaiwa dukani, bila mwenzake wa kumpokea, hukasirika haraka. Hilo linaeleza mkono ulivyonyanyuka, ila halikufanyi wewe mwongo kwa kukumbuka maumivu. Ninachokusihi ni kwamba mambo haya mawili yasikae katika mazungumzo mamoja. "Asante kwa kunisomesha, ingawa ulinipiga" atasikia sehemu ya pili tu, na ataibeba mpaka kaburini. Ukiona ni lazima myazungumze, yapange kwa ziara nyingine, ukiwa na mtu mmoja wa familia anayeheshimiwa na wote wawili, na uanze kwa kueleza unachotaka: kueleweka, au kuombwa radhi, au kupata tu nafasi ya kulisema. Wengine huchagua kutokuanzisha kabisa na badala yake huamua kwamba kiboko hakiingii nyumbani kwao. Huo nao ni uamuzi kamili.

Dada yako

Katika barua yako dada amepata nusu sentensi. Rudi hapo. Aliishia darasa la saba, nyumba ikabaki na mama mmoja, wadogo wawili na kilo mbili za mchele za kusagwa kila siku. Nani alikuwa anatwanga? Nani alibeba beseni kwenda kuuza mlango wa pili mama akiwa kwenye chuma? Nani alimwogesha mdogo wako? Sijui majibu ya nyumba yenu, lakini katika nyumba nyingi za namna hii mtoto wa kike wa kwanza ndiye aliyekuwa mfanyakazi wa pili wa biashara, bila mshahara na bila kuulizwa.

Inawezekana mama anakukatiza kwa sababu hii hasa. Alipotoa ada kwa wavulana wawili alikuwa amechagua, na aliyeachwa huenda bado anaishi karibu naye. Kila unapomshukuru kwa kukusomesha, unagusa pia yule ambaye hakusomeshwa. Kwa hiyo anza na dada. Kabla hujamwambia mama lolote, nenda kwake, peke yako, kwa utaratibu uleule wa kutaja kitu mahususi: "Dada, sare yangu ulikuwa ukiifua wewe Jumapili usiku." Usimwambie "na wewe ulisaidia". Hakusaidia, alifanya kazi.

Kisha mwulize anataka nini, usimkisie. Mwingine atataka mtoto wake alipiwe shule, mwingine mtaji wa kuongeza biashara. Wapo wanaotaka kusoma wao wenyewe hata sasa, na njia ipo: aliyemaliza darasa la saba anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT, akifaulu akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inafundisha watu wa aina hii, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina kozi fupi za ushonaji, mapishi na nyinginezo ambazo hazihitaji cheti cha sekondari. Ukimwinua dada, mama ataona bila kuambiwa, na kwake hilo litazidi chochote utakachompa mkononi.

Mzigo wa kumwondolea

Chagua kitu kimoja kinachojirudia kila mwezi, kichukue chote, na usikirudishe. Umeme na maji. Au gesi. Au dawa. Wana wengi hugusa kila kitu kidogokidogo, na mama anabaki na wasiwasi wote uleule kwa sababu hajui mwezi huu ni kipi kimelipwa. Mdogo wako naye achukue chake. Gaweni kwa aina ya matumizi badala ya kuchangia kwenye chungu kimoja, ili mmoja akikwama ijulikane ni kitu gani kimekwama, na msianze kuulizana nani ametoa nyingi.

Pesa ya matumizi mtumie tarehe moja isiyobadilika, siku moja au mbili baada ya mshahara, pamoja na ya kutolea. Kiasi kipime kwa mwezi wako mbaya: kiwe kile utakachoweza kutoa hata mtoto akilazwa. Shilingi 60,000 isiyokosa kwa miaka miwili inampa usingizi. Laki moja na nusu kwa miezi mitatu, kisha kimya, inampa aibu ya kukupigia kuulizia. Pembeni weka akiba ya dharura yake, hata 20,000 kwa mwezi, ambayo haigusi ile ya matumizi.

Ukishatuma, usiulize imetumikaje. Utasikia ameitoa msibani, ameichangia harusi ya mtoto wa jirani, ameingia upatu mwingine. Mtu aliyepokea misaada ya watu miaka ile anataka sasa naye awe mtoaji. Hiyo heshima ndiyo unayomnunulia.

Vitumbua usimkataze. Kilo moja ni kazi aliyoipunguza mwenyewe kulingana na nguvu zake. Humo mna wateja wanaomwita kwa jina, habari za mtaa, pesa ambayo hakuombwa maelezo. Ukimwondolea ghafla anabaki na asubuhi nzima bila mtu. Badala yake ondoa kinachomuumiza: moshi, kuinama na uzito. Mjengee jiko la matofali lenye kimo cha kiuno ili asichuchumae au kukaa kwenye kigoda. Mtungi wa gesi wa kilo 15 unafaa, ikiwa wewe ndiye unayeujaza. Mtungi mtupu usiojazwa utakaa kando ya friji. Mchele umnunulie kwa gunia badala ya kilo, kama ana mahali pakavu pa kuuweka, na umlipe kijana mtu mzima wa kubeba maji na mkaa.

Kuhamia Dodoma naelewa unavyotaka, lakini fikiri anachoacha: majirani, jamaa wa msikitini au kanisani, kaburi la mumewe, bahari, na watu wanaomjua alikuwa nani. Kwako atakuwa bibi wa mtoto katika nyumba ya mkwewe, akishinda mlango umefungwa mkiwa kazini. Mkaribishe kwa wiki tatu, na tiketi ya kurudi iwe imekatwa. Huko Tanga tengeneza nyumba: choo cha kukaa badala ya kuchuchumaa, chuma cha kushikilia ukutani, sakafu isiyoteleza, taa ya nje kati ya mlango na choo. Wazee huanguka usiku wakielekea msalani, na nyonga ikivunjika katika umri huo mara nyingi maisha hayarudi yalivyokuwa.

Afya ifanye katika siku hizo nne, siku ya pili asubuhi, kabla hajala. Apimwe shinikizo la damu (140/90 au zaidi, likirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, linahitaji daktari), sukari kabla ya kula (7.0 mmol/L au zaidi nayo irudiwe kipimo), macho na magoti. Aliyekaa miaka mingi mbele ya moshi wa mkaa na kuni yuko katika hatari zaidi ya mtoto wa jicho na ya kifua cha kukohoa na kubanwa pumzi. Mtoto wa jicho hupasuliwa, na watu wengi huona vizuri tena. Usimwambie "nakupeleka ukapimwe kwa sababu umezeeka". Mwambie unataka nawe upimwe, mwende wote, na kweli upimwe.

Wewe ni mtumishi wa umma, makato ya NHIF, bima ya afya ya taifa, yanakatwa kwenye mshahara wako. Bima hiyo inakuchukua wewe, mwenza wako na wategemezi hadi wanne, na mzazi anaruhusiwa kuwa mmoja wao. Mtoto wako mmoja ameshika nafasi moja. Zilizobaki zitajaa kadiri mnavyozaa, kwa hiyo mwingize mama sasa. Andaa cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha jina lake, picha yake na namba yake ya NIDA. Jina lake kwenye cheti chako na lile la kwenye kitambulisho chake likitofautiana hata herufi, na kwa wanawake wa rika lake hutofautiana sana, utahitaji kiapo cha majina, na hicho huchukua siku. Ndiyo sababu uende ofisi ya NHIF kabla ya kusafiri, uulize fomu na viambatanisho, ili picha na kiapo uvimalize Tanga ukiwa naye.